Magnum fupi na magnum ndefu: ubishi uliopimwa porini kwetu

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa raifo mpya na kuipa jina la African. Ilikuwa Model 70 ileile iliyokuwa ikiuzwa kwa Wamarekani tangu miaka ya 1930, ila risasi yake ilikuwa ngeni: .458 Winchester Magnum. Ahadi ya kampuni ilikuwa nzito. Kichwa cha risasi cha gramu 32 kingetoka mtutuni kwa mwendo wa mita 655 kwa sekunde, sawa na .470 Nitro Express, risasi ya zile bunduki za mitutu miwili zilizochongwa kwa mkono Uingereza na kuuzwa kwa bei ya matajiri. Sasa mtu wa mshahara angeweza kumkabili nyati akiwa na bunduki ya kiwandani, yenye bolti, na nguvu zilezile.

Ili kuifikia ahadi hiyo, Winchester ilichukua ganda la .375 Holland & Holland Magnum, lenye urefu wa milimita 72.4, ikalifupisha hadi milimita 63.5 na kuliacha limenyooka bila bega. Kwa nini wakate ganda ambalo lilikuwa limefanya kazi vizuri kwa zaidi ya miaka 40? Tembo na nyati hawakuhusika na uamuzi huo. Risasi ya kawaida ya Marekani ilikuwa .30-06, na raifo nyingi zilitengenezwa kwa kipimo chake. Risasi ya magnum iliyoingia kwenye kipimo hicho haikuhitaji chuma kirefu zaidi cha kubebea bolti, wala bolti ya safari ndefu. Kiwanda kiliokoa fedha. Kwa hiyo tangazo la Winchester la mwaka 2001, lililoileta magnum fupi kama uvumbuzi wa karne mpya, lilikuwa limechelewa miaka 45.

Urefu wa ganda la Holland & Holland ulikuwa na sababu zake. Kampuni hiyo ya London ilipoitoa .375 mwaka 1912, baruti ya Waingereza ilikuwa kodaiti, ambayo huja kwa nyuzi ndefu kama tambi na hupangwa kwa urefu ndani ya ganda. Kodaiti ina tabia mbaya: joto likipanda, mgandamizo nao hupanda. Ganda lililoshinda juani likifyatuliwa linaweza kung'ang'ania ndani ya chemba, bolti ikakataa kufunguka, na mnyama aliyejeruhiwa yuko hatua 20 mbele. Mafundi wa London wakaamua ganda liwe na nafasi kubwa ili mgandamizo ubaki wa chini, na liwe refu lenye ubavu unaopungua taratibu kuelekea mbele, ili liteleze kuingia na kuteleza kutoka. Bega lake lililala mno kiasi kwamba halikuaminika kuizuia risasi isizame chembani kupita kiasi, ndipo wakaongeza mkanda wa shaba kwenye kitako. Miaka ilivyokwenda, mkanda ule ukageuka kuwa nembo ya biashara. Magnum nyingi za Marekani zenye bega la kutosha kabisa ziliuvaa kwa sababu mteja alizoea kuuona.

Risasi ndefu iliihitaji bunduki ndefu. Kwa miongo mitatu waliokidhi haja hiyo vizuri zaidi walikuwa Mauser wa Oberndorf, Ujerumani, kwa bei ya juu. Mwaka 1945 Oberndorf iliangukia mikononi mwa Wafaransa na kiwanda kikavunjwavunjwa. Winchester nayo ilikuwa ikiuza Model 70 ya .375 tangu 1937, ila ililazimika kuchonga chuma zaidi ndani ya mwili uleule ili risasi ile ndefu ipate nafasi. Ukiyajua hayo, uamuzi wa 1956 unaeleweka.

Porini, hata hivyo, ahadi ilianza kuyumba. Raifo za .458 zilienea haraka mikononi mwa wawindaji wa kulipwa na maaskari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki, na baada ya muda malalamiko yakafuata. Ili kuufikia mwendo ulioahidiwa katika ganda lililokatwa, baruti ilibidi ishindiliwe kwa nguvu chini ya kichwa cha risasi. Risasi zilizokaa ghalani, tena kwenye joto, baruti yake ilishikana ikawa donge. Donge haliungui sawasawa. Kichwa kikatoka kwa mwendo pungufu kuliko ulioandikwa kwenye boksi, na kwa mnyama ambaye fuvu lake ni ukuta wa mifupa, mwendo pungufu maana yake ni kichwa kuishia njiani. Watengenezaji walibadili baruti baadaye na .458 ya leo haina lawama hiyo, lakini sifa ilikuwa imekwisha kuchafuka.

Aliyelichukulia suala hilo kibinafsi ni Jack Lott, mwindaji na mwandishi wa Marekani. Mwaka 1959 huko Msumbiji nyati alimkanyaga na kumrusha baada ya Lott kumpiga kwa .458, na Mmarekani huyo alipona akiwa na majeraha na hoja. Mwaka 1971 alitoa jawabu lake: kulirudishia ganda urefu wake. .458 Lott ina ganda la milimita 71, karibu sawa na lile la Holland & Holland lililofyekwa na Winchester. Baruti ilipata nafasi ya kupumua na mwendo ukapatikana bila kushindilia. Kama kuna hukumu moja iliyotolewa waziwazi katika ubishi huu wote, ni hiyo.

Na bado magnum fupi haikufa. Katika miaka ya 1960 Kynoch, kampuni ya Uingereza iliyolisha bunduki za mitutu miwili, ilipunguza na hatimaye kuacha kutengeneza risasi zile kubwa za zamani. Bunduki ya bei ya nyumba ikawa pambo la ukutani. Aliyekuwa na .458, pamoja na manung'uniko yake, alikuwa na risasi dukani.

Siku hizo mazoea ya mwindaji yalitegemea pia bahati. Harry Selby, mwindaji wa kulipwa wa Kenya, alikuwa na .470 ya mitutu miwili hadi gari la safari lilipoikanyaga. Akaingia dukani Nairobi, akachukua .416 Rigby yenye bolti, risasi ya mwaka 1911 isiyo na mkanda, na ikawa bunduki yake ya maisha. Mwandishi Robert Ruark, aliyewinda naye Tanganyika mwaka 1951, akamtia vitabuni, na .416 ikapata umaarufu ambao matangazo ya kiwanda yasingeununua.

Mahali ambapo kufupisha ganda kulifanikiwa bila ubishi ni kwenye risasi nyembamba zaidi. Winchester ilitoa .338 mwaka 1958, kampuni ya Remington ikatoa 7mm Remington Magnum mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikaja .300 Winchester Magnum, iliyoisukuma pembeni .300 Holland & Holland ya 1925. Ile ya Kiingereza hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa takriban mita 878 kwa sekunde; .300 Winchester, yenye ganda la milimita 66.5, hufikia 902. Kodaiti ilikuwa imekwisha kupitwa, na baruti ya punje haikuhitaji urefu wala mteremko ule. Jeshi la Marekani baadaye liliichagua .300 Winchester kwa raifo zake za wadunguaji.

Wimbi la pili lilitokea mahali ambapo hakuna aliyewaza uwindaji. Katikati ya miaka ya 1970 Wamarekani wawili, Louis Palmisano na Ferris Pindell, walitaka risasi ya mashindano ya shabaha, yale ya kuweka bunduki juu ya meza na kujaribu kupitisha risasi zote kwenye tundu moja. Walianza na ganda la Kirusi linalotokana na risasi ya Kalashnikov, bunduki ambayo magazeti yetu huiandika SMG kila polisi wanapotoa taarifa ya ujambazi. Wakalifanya liwe nene kwa urefu wake, na bega lililosimama. Risasi yao, 6mm PPC, ilitawala mashindano. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba baruti iliyorundikana karibu na fataki huwaka kwa pamoja na kwa namna ileile kila mara.

Wazo hilo ndilo lililopanda hadi kwenye .300 Winchester Short Magnum ya 2001. Ganda lake lina milimita 53.3 tu, bila mkanda, na unene wake umetokana na .404 Jeffery, risasi ya Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20 ambayo idara za wanyamapori za makoloni ya Afrika Mashariki ziliitumia sana. Remington ilijibu kwa magnum fupi zake, zikashindwa sokoni. Mwandishi mmoja wa mambo ya bunduki, Rick Jamison, alidai hataza ya muundo huo na kuifikisha kampuni ya Olin, yenye jina la Winchester, mahakamani Oregon.

Ukiweka takwimu mezani, .300 fupi hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 905 hivi kwa sekunde, sawa na .300 Winchester ya 1963, kwa ganda lenye nafasi pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi. Kwa mtu anayepanda milima ya Montana na bunduki begani, hilo lina maana: bolti fupi, baruti pungufu, teke la begani dogo kidogo. Uzito unaookolewa, kusema kweli, ni mdogo kuliko uzito wa darubini atakayoifunga juu yake. Na gharama zipo. Ganda nene hujaza magazini upesi, kwa kawaida risasi tatu basi, na bega lile lililosimama halitelezi kama mteremko wa 1912. Kichwa kikiwa kizito na kirefu, kinarudi nyuma na kula nafasi ya baruti. Ni maradhi yaleyale ya .458, ila kwa kipimo kidogo.

Magnum fupi hizi hazikupata nafasi kubwa ya kujaribiwa kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Tanzania ilikuwa imeufunga mwaka 1973, ikaufungua tena 1978, na kanuni zake kwa wanyama hatari huanzia .375, kipimo kinachoiacha nje familia yote ya .300.

Walioelewa hilo ni kampuni za Hornady na Ruger. Mwaka 2007 walitoa .375 Ruger: ganda la milimita 65.5, nene sawa na ule mkanda wa zamani, linaloingia kwenye raifo ya urefu wa .30-06 na kuifikia nguvu ya .375 Holland & Holland, hata kuizidi kidogo. Kwa karatasi, kazi imekwisha. Lakini mgeni ambaye sanduku lake la risasi limebaki kiwanja cha ndege cha Amsterdam ataomba risasi kambini, na zitakazotolewa kwenye kabati la mwindaji wa kulipwa zina uwezekano mkubwa kuwa zile ndefu za 1912.