Kivuli cha Miembe ya Tabora: Njia ya Misafara na Historia ya Mahali pa Kupumzikia

Mtafiti anayesoma nadharia za bustani za umma anaweza kudhani kwamba haja ya kivuli na utulivu iligunduliwa katika miji ya Ulaya na Marekani. Tabora inampa sababu ya kusita. Miembe, ambayo si miti ya asili ya Unyamwezi, ilisambaa kandokando ya njia ya misafara itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, na upandaji wake hunasibishwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Mpagazi wa Kinyamwezi, baada ya siku nyingi za kubeba pembe za ndovu katika miombo, alipata chini ya mwembe kivuli kizito, shina la kuegemea na uwazi wa kumwona ajaye. Jay Appleton aliandika mwaka 1975 kwamba binadamu hupendezwa na mahali panapomwezesha kuona bila kuonekana. Mpagazi hakuhitaji kuambiwa.

Hata hivyo, njia ileile ilipitisha watumwa. Aliyefungwa minyororo, alipopumzishwa kivulini, hakujichagulia pa kukaa wala wakati wa kuinuka. Rachel na Stephen Kaplan, katika kazi yao ya mwaka 1989, wanataja kuafikiana kwa mahali na nia ya mtu. Nia ya mtumwa haikuulizwa.

Tangu mwaka 2006 njia hii, Kwihara ikiwamo, imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya Urithi wa Dunia. Kwa maoni yangu, bustani yoyote itakayobuniwa huko ihifadhi miembe mikongwe, na maelezo ya biashara ya watumwa yawekwe palepale penye viti, si ndani ya makumbusho pekee.