Somo la 17: Kufuli la Daftari la Kompyuta, na Bawabu Wake

  Soma pole pole. Hapana haraka.

Juma lililopita tulijifunza kujumlisha michango ya wanachama katika lahajedwali, yaani lile daftari la hesabu lililomo ndani ya kompyuta, lenye mistari na safu na vyumba vidogo vidogo. Leo hatutajumlisha kitu. Leo tutauliza swali jingine: ni nani mwenye ruhusa ya kuligusa daftari hilo? Na tangu lilipobuniwa, watu wamefanya nini ili asiye na ruhusa asiliguse?

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita niliitwa kukisaidia chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja jina. Kila Jumamosi wanachama walileta fedha zao, lakini jumla iliyosomwa mkutanoni ilikuwa ni ile ile kwa miezi mitatu. Nilipofika, mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya mweka hazina akamwambia, "Mwanangu, fedha zetu umezila." Yule kijana hakujibu. Aliangalia chini tu.

Nililifungua daftari. Katika chumba cha jumla ilipasa kuwe na fomula, yaani ile amri inayoiambia kompyuta ijumlishe vyumba vyote vya juu yake. Fomula haikuwamo. Mtu alikuwa ameandika tarakimu tupu juu yake, pengine kwa kidole kilichoteleza, naye hakujua. Kompyuta haikulalamika, kwa sababu mbele yake tarakimu ni tarakimu. Tulipozihesabu fedha za sandukuni, zote zilikuwamo, hata senti moja haikupungua. Lakini mtu alikuwa amekwisha itwa mwizi mbele ya majirani zake.

Chumba kile kingalifungwa kwa kufuli, jambo hili lisingalitokea. Basi tuitazame historia ya kufuli hilo.

Lahajedwali la kwanza lililoenea katika kompyuta ndogo liliitwa VisiCalc, nalo lilianza kuuzwa mwaka wa 1979 huko Marekani. Walilitengeneza vijana wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Siku moja alimtazama mwalimu wake akichora jedwali kubwa ubaoni. Kila tarakimu moja ilipobadilika, ilimpasa mwalimu afute na kuandika upya zile nyingine zote zilizoitegemea. Bricklin akawaza: kwa nini ubao wenyewe usifanye kazi hiyo? Daftari lao lilikuwa na safu 63 na mistari 254. Kazi yake ilikuwa kurahisisha kubadilisha. Angalieni neno hilo, ndugu zangu. Daftari la wino la karani wa zamani lilikuwa gumu kubadilishwa, na aliyefuta aliacha alama. Daftari hili jipya lilibadilishwa bila kuacha alama yo yote. Raha yake na hatari yake vilizaliwa pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1983 likaja lahajedwali jingine, Lotus 1-2-3, la kampuni ya Mitch Kapor. Hili ndilo lililoingia katika ofisi za mabenki na serikali, nalo lilikuja na vitu viwili tunavyovitafuta leo.

Cha kwanza ni ulinzi. Mwenye daftari aliweza kuiambia kompyuta, "Vyumba vyote vifungwe, isipokuwa hivi ninavyovitaja." Karani akijaribu kuandika katika chumba kilichofungwa, kompyuta ilikataa. Lakini kufuli hilo halikuwa na ufunguo. Aliyeijua njia ya kupita katika orodha ya amri aliliondoa kwa kubonyeza herufi chache tu. Lilikuwa kama komeo la mlango wa zizi: humzuia mbuzi, halimzuii mtu.

Cha pili ni makro. Makro ni maagizo yaliyoandikwa mapema na kuwekwa ndani ya faili, ili kompyuta iyafuate yenyewe hatua kwa hatua. Katika Lotus makro iliandikwa chumbani kama maneno ya kawaida, herufi kwa herufi, vile vile kama ambavyo mtu angezibonyeza kwa vidole. Ukiandika /WGPD, ulinzi unaondolewa. Ukiandika /WGPE, unarudi. Basi mwenye akili aliandika makro iliyoondoa ulinzi, ikapokea mchango wa mwanachama, ikauweka mahali pake, kisha ikarudisha ulinzi. Karani hakuigusa fomula hata mara moja. Aliyeigusa ni makro. Tena makro iliyopewa jina la \0 ilianza kazi yenyewe mara faili lilipofunguliwa, nayo iliweza kumwonyesha karani orodha fupi ya kazi zake: andika mchango, chapa orodha, maliza.

Hapo ndipo alipozaliwa yule ninayemwita bawabu. Tangu siku hiyo daftari lilikuwa na kufuli na mtu wa kusimama mlangoni pia, anayeuliza, "Wewe u nani, na wataka nini?"

Kiongozi wa darasa, simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi: katika daftari la chama chenu, ni vyumba vipi vifungwe, na vipi viachwe wazi?

(Kimya cha dakika mbili.)

Vema. Natumaini mmejibu kwamba vyumba vya michango viachwe wazi, na vyumba vya fomula vifungwe. Tuendelee.

Excel ya kampuni ya Microsoft ilitoka mwaka wa 1985 kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka wa 1987 kwa Windows. Hiyo ndiyo wengi wenu mnayoitumia. Katika Excel kila chumba huhesabiwa kuwa kimefungwa tangu mwanzo, lakini kufuli halifanyi kazi mpaka uamuru karatasi nzima ilindwe. Wengi hukosea hapa. Huagiza ulinzi bila kwanza kuvifungua vyumba vya kuandikia, kisha hushangaa kwamba hawawezi kuandika lo lote!

Mwaka wa 1993 Excel ilipata lugha kamili ya kuandikia makro, nayo ni Visual Basic. Bawabu akawa hodari zaidi. Aliweza kulisoma jina la mtu aliyefungua faili na kumwonyesha karatasi zake tu. Aliweza kuzificha karatasi nyingine kabisa, hata zisionekane katika orodha ya zilizofichwa. Aliweza kuiambia Excel, "Walinde watu wote wasiguse, ila mimi makro niruhusu." Lakini ruhusa hiyo hupotea faili likifungwa, na hivyo bawabu hana budi kuiomba tena kila faili linapofunguliwa. Walioandika makro bila kulijua hilo walisumbuka sana, nami nilikuwa mmoja wao.

Sasa tumefika penye shida. Bawabu anayeanza kazi mwenyewe mara mlango unapofunguliwa ni mtumishi mzuri akiwa wako. Je, akiwa wa adui?

Mwezi wa Julai 1996 kiligunduliwa kirusi cha kwanza cha Excel kilichoenea kweli, jina lake Laroux. Kirusi hicho kilikuwa ni makro tu, iliyojianzisha faili lilipofunguliwa, ikajinakili katika faili liitwalo PERSONAL.XLS, na kutoka hapo ikaingia katika kila daftari lililofunguliwa. Hakikuharibu hesabu, lakini kiliwaonyesha watu kwamba mlango uko wazi. Mwezi wa Machi 1999 kikaja kingine, Melissa, kilichokaa katika hati za Word na kujipeleka kwa barua kwa watu 50 wa kwanza katika kitabu cha anwani cha kila aliyekipata. Hicho kilijaza mitambo ya barua ya makampuni makubwa.

Basi watengenezaji wakajihami. Excel 97 ilimwuliza mtu kabla ya kufungua faili lenye makro: je, uziruhusu makro hizi, au uzizuie? Matoleo yaliyofuata yalizidi kuwa makali. Hili lilikuwa jambo la haki, lakini tazameni lilivyomfanya bawabu wetu. Sasa mgeni anayefika mlangoni ndiye anayeulizwa, "Je, bawabu wa nyumba hii aamke, au aendelee kulala?" Mgeni akijibu kwamba alale, nyumba haina bawabu.

Waandishi wa makro walipata dawa, nayo hutumika hata leo. Kabla ya faili kuhifadhiwa, makro huzificha karatasi zote isipokuwa moja yenye maneno kama haya: "Tafadhali ruhusu makro ili uendelee." Anayekataa makro huiona karatasi hiyo tu. Anayezikubali huamsha bawabu, na bawabu humfungulia vyumba vyake. Ni hila nzuri. Mimi naipenda. Lakini humzuia asiyejua tu.

Nasema hivyo kwa sababu kufuli lenyewe lilikuwa dhaifu. Excel ya zamani haikulitunza neno la siri la karatasi lenyewe. Ililifupisha likawa nambari ndogo mno, hata maneno mengi mbalimbali yaliangukia nambari ile ile. Watu wakaandika makro ya kujaribu maneno 194,560 tu, na katika dakika chache mojawapo lilifungua, hata kama silo neno ulilolichagua wewe. Yaani makro ile ile iliyokuwa bawabu ikawa pia mvunja kufuli. Kuanzia Excel 2007 mambo yalirahisika kwa njia nyingine: faili jipya ni mfuko wa maandishi uliobanwa, na anayejua kuufungua huweza kuufuta mstari mmoja wa ulinzi akaondoka. Excel 2013 ililiimarisha neno la siri sana, lakini mstari ule bado hufutika. Microsoft yenyewe husema kwamba ulinzi wa karatasi haukukusudiwa kuwa usalama wa siri. Ukitaka siri, lifunge faili zima kwa neno la kulifungulia. Hapo maandishi yote hugeuzwa yasisomeke.

Pengine utasema, "Chama chetu ni kidogo, nani atavunja kufuli?" Basi sikia habari ya benki kubwa.

Mwezi wa Februari, mwaka wa 2002, watu wa Baltimore huko Marekani walisikia kwamba benki yao iitwayo Allfirst, mali ya Allied Irish Banks ya Ireland, imepoteza dola milioni 691. Aliyezipoteza ni mtu mmoja, John Rusnak, mfanya biashara ya fedha za kigeni. Alipata hasara, akaificha kwa mikataba ya uongo, akaendelea kucheza ili airudishe, hasara ikazidi. Benki ilikuwa na watu wa kumchunguza, nao walikuwa na lahajedwali la kupimia hatari ya biashara yake. Lakini bei za fedha zilizoingia katika lahajedwali hilo zilipitia katika kompyuta ya Rusnak mwenyewe. Ofisi ya wachunguzi haikulipiwa dola 10,000 ili ipate bei zake yenyewe moja kwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka wa 2003 Rusnak alihukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu.

Fikirini, ndugu zangu. Hapo hapakuvunjwa kufuli lo lote. Fomula zingalifungwa kwa makufuli kumi, na bawabu kusimama usiku na mchana, jibu lingalikuwa la uongo vile vile, kwa kuwa anayechunguzwa ndiye aliyeleta tarakimu za kumchunguzia.

Mwaka wa 2022 Microsoft iliamua kwamba makro zilizomo katika faili lililotoka katika intaneti zizuiwe moja kwa moja, bila kumwuliza mtu kwa kitufe chepesi kama zamani. Kwa hiyo mkipelekewa daftari la chama kwa barua pepe na makro zikakataa, msidhani limeharibika.

Narudi kwa chama kile. Tulivifunga vyumba vya fomula na kuviacha wazi vya michango. Tuliandika makro fupi ya kuweka tarehe na jina la kila aliyebadilisha tarakimu, katika karatasi iliyofichwa. Neno la siri hakupewa mweka hazina. Liliandikwa na kutiwa katika bahasha, akapewa katibu. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi karatasi huchapwa na kusomwa kwa sauti, kila mwanachama akiwa na kijitabu chake mkononi. Hilo la mwisho lilipendekezwa na yule mzee. Alimwomba kijana radhi mbele ya mkutano, naye akaipokea, lakini hakukubali kukikalia tena kiti cha hazina. Sasa anauza vipuri vya baiskeli.

Kazi ya nyumbani: andikeni majina ya watu wote wanaoweza kulifungua daftari la chama chenu. Mbele ya kila jina andikeni ni vyumba vipi anavyoruhusiwa kuandika, na ni nani anayemkagua. Leteni karatasi hiyo juma lijalo, tutakapojifunza kutunza nakala ya pili ya daftari. Kwa herini.