Karura, Jeevanjee, Forodhani: Nani hulinda bustani ya umma baada ya msaada kutolewa?

Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuumwagilia na kuhakikisha kiwanja ulipopandwa hakijanyakuliwa ni kazi ya miaka. Hapo ndipo bustani nyingi za umma hukwama: mfadhili anakuja, picha zinapigwa, kisha hakuna wa kufyeka nyasi.

Ndiyo maana bustani nyingi siku hizi huendeshwa kwa ushirikiano wa serikali, wakazi na wafadhili. Mifano mitatu ya Nairobi na Zanzibar inaonyesha jinsi mpango huo unavyofanya kazi, na pale unapoweza kuzua mzozo.

Jeevanjee: zawadi haijilindi

Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, ni zawadi. Mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa umma mwaka wa 1906 ili watu wapate pa kupumzika.

Mwaka wa 1991 ukazuka mpango wa kujenga jumba la ghorofa kwenye kiwanja hicho. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, na Wangari Maathai naye akapaza sauti. Mpango ukasitishwa.

Leo ukipita hapo saa ya chakula cha mchana utakuta wahubiri, wapiga picha, watu waliojilaza kwenye nyasi na wanachama wa Bunge la Mwananchi wakijadili siasa. Wote wanakalia zawadi ya mwaka wa 1906, lakini kilichoiokoa miaka 85 baadaye si ukarimu wa aliyeitoa. Ni watu waliokataa kunyamaza.

Karura: jamii ikiingia kazini

Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999, Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi huo. Mwaka wa 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Msitu ulibaki, ila watu waliogopa kuingia. Kwa miaka mingi Karura ilijulikana kwa wizi na uhalifu.

Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005 ndiyo iliyofungua mlango. Iliruhusu wakazi kuunda chama cha jamii na kutia saini mkataba na Huduma ya Misitu Kenya (KFS) wa kusimamia msitu kwa pamoja. Ardhi inabaki ya serikali. Kazi ndiyo inayogawanywa.

Kundi la Friends of Karura Forest, yaani Marafiki wa Msitu wa Karura, likachukua nafasi hiyo. Wafadhili walichangia uzio wa umeme. KFS ikatoa askari wa misitu. Kundi likaajiri walinzi na wafanyakazi, baadhi yao kutoka vijiji vinavyopakana na msitu, kama Huruma. Mwaka wa 2011 Karura ikafunguliwa rasmi kwa umma.

Tangu hapo imekuwa ya wakimbiaji, waendesha baiskeli na familia zinazokwenda kuona mapango na maporomoko ya maji. Ada ya langoni ikawa ndiyo inayogharamia njia, usafi na mishahara.

Basi mzozo ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye hiyo ada. Agosti 2025, KFS ilielekeza malipo yote ya Karura yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura walipinga na kesi ikafika mahakamani.

Kila upande una hoja. Serikali inataka ada zote za huduma za umma ziingie katika mfumo mmoja unaoweza kukaguliwa. Jamii nayo inauliza: pesa zikienda kwenye hazina kuu, mlinzi wa langoni atalipwa na nani mwisho wa mwezi?

Swali hilo si la Karura peke yake. Uzio unaweza kujengwa kwa msaada wa mara moja, lakini mshahara hulipwa kila mwezi.

Forodhani: wauzaji wasisahaulike

Zanzibar, bustani ya Forodhani iliyo mbele ya Mji Mkongwe ilifunguliwa upya mwaka wa 2009. Ukarabati ulifanywa na taasisi ya Aga Khan Trust for Culture kwa kushirikiana na serikali ya Zanzibar. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, taa zikawekwa, miti ikapandwa na watoto wakapata pa kuchezea.

Jambo la kujifunza hapo ni chakula. Wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa walitengewa eneo lao ndani ya mpango. Bustani yenye watu kila jioni haihitaji mtu wa kuikumbusha serikali kwamba ipo.

Mtaani kwenu mnaweza kuanza vipi?

Si lazima muwe na msitu. Dandora, Nairobi, vijana na wakazi wamegeuza viwanja vya katikati ya nyumba, vilivyokuwa vimejaa taka, kuwa sehemu safi zenye maua na michezo ya watoto. Kwa walio Kenya, hatua ni hizi:

- Jueni kiwanja ni cha nani. Ni cha kaunti, KFS, shule au mtu binafsi? Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kununua hata mche mmoja.
- Sajilini kundi. Sheria ya 2022 ya usajili wa makundi ya kijamii inataka angalau watu 10.
- Andikeni mkataba. Useme nani anakusanya pesa, nani anaidhinisha matumizi, na mkikosana mtaenda wapi. Maneno ya mdomo hupotea afisa akihamishwa.
- Ombeni matunzo, si vitu pekee. Mfadhili akitoa viti 20, muulizeni kama atachangia pia ukarabati wa miaka miwili ijayo. Fundi au jirani anayetoa Jumamosi moja kwa mwezi pia ni mfadhili.
- Bandikeni hesabu. Mapato na matumizi yawekwe kwenye ubao langoni au kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Fununu huua michango haraka kuliko umaskini.
- Wekeni mpaka wa matangazo. Kampuni ikitoa taa inaweza kupata kibao chenye jina lake. Haipati haki ya kufunga lango siku ya sherehe yake, isipokuwa mkataba umesema hivyo.

Na kabla ya kutia saini, ulizaneni swali moja: mfadhili huyu akiondoka kesho, nani atafungua lango kesho kutwa? Kama hakuna jina la kutaja, mkataba bado haujakamilika.