Kufuatilia hisa kwa telefone: chombo kipi cha kuamini, na kwa jambo gani

Kongo haina soko la hisa. Hata hivyo maswali juu ya hisa, au aksio kama wengi wanavyosema kwetu, yanasikika Bukavu, Butembo na Bunia, na yana sababu. EquityBCDC, banki ambayo wengi wanapokelea mshahara, ni ya Equity Group, na hisa za Equity Group zinauzwa Nairobi. TMB iliingia mikononi mwa KCB, kampuni nyingine ya Nairobi, mnamo Desemba 2022. Mgodi wa kasiteriti wa Bisie, kule Walikale, unaendeshwa na Alphamin, ambayo hisa zake zinauzwa Kanada na Johannesburg. Tena kuna ndugu zetu waliohamia Marekani: wengi wao wanakatwa pesa kazini kwa ajili ya uzee, na pesa hiyo inawekwa katika mifuko ya hisa ambayo hawajui namna ya kuisoma.

Kwa hiyo vyombo vya intaneti vinavyosaidia mtu binafsi kuchunguza kampuni na kufuatilia mali yake vinatuhusu. Lakini visichanganywe. Kuna chombo cha kuchunguza, kinachokuambia kampuni inafanya nini na inapata nini. Kuna chombo cha kufuatilia, kinachokumbuka ulinunua nini, lini, kwa bei gani. Na kuna programu inayofanana na hivyo viwili lakini inapokea pesa yako. Hiyo ya tatu tutaifikia.

Tuanze na kuchunguza. Mahali pa kwanza pa kusoma ni kule ambako kampuni inalazimishwa na sheria kusema ukweli. Kwa Marekani ni EDGAR, ghala la hati la SEC, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya hisa. Halilipiwi wala halihitaji kujiandikisha. Ripoti ya mwaka huitwa 10-K, ya kila miezi mitatu 10-Q, na jambo la ghafula hutangazwa kwa 8-K. Kanada wana SEDAR+, iliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani mnamo Julai 2023.

Faida yake inaonekana wazi katika habari ya Bisie. Mnamo Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale, Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi ya mgodi na kuondoa wafanyakazi. Mwezi wa Aprili ikatangaza kurudi hatua kwa hatua. Mtu aliyetazama chati ya bei peke yake aliona mstari ukishuka na kupanda. Aliyesoma matangazo ya kampuni alijua sababu, na alijua kwa maneno ya kampuni yenyewe, si kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao hakuna anayejua ulianzia wapi.

Kwa Nairobi, ripoti zipo kwenye tovuti za kampuni zenyewe, na AfricanFinancials inakusanya ripoti za mwaka za kampuni nyingi za Afrika mahali pamoja. Ripoti nzima ya banki inaweza kuwa na mamia ya kurasa na kula mega zako zote. Tafuta kwanza matokeo ya muda mfupi yaliyofupishwa: kurasa chache tu, na ndani yake kuna faida, mikopo isiyolipwa na gawio. Kwa banki, mikopo isiyolipwa inastahili kusomwa kabla ya faida.

Yahoo Finance ndiyo inayojulikana zaidi kwa sababu ni ya bure na inafika mbali: New York, Toronto, Johannesburg na kwingine. Inafaa kwa kuona bei, historia yake na habari za karibuni. Udhaifu wake ni matangazo mengi, bei zinazochelewa kwa masoko kadhaa, na hesabu ambazo hazitiwi na kampuni bali na wauzaji wa data. Tarakimu ikikushangaza, rudi kwenye hati ya asili. Kwa bei za masoko madogo ya Afrika, tovuti ya AFX ni nyepesi na inafunguka hata pale mtandao unapoyumba, jambo ambalo Yahoo haiwezi kujisifia.

Morningstar ya Chicago, iliyoanza mwaka 1984, ni tofauti: nguvu yake ni mifuko ya pamoja. Wengi wanajua nyota zake, moja hadi tano, na wengi wanazisoma vibaya. Nyota hazitabiri kesho. Zinalinganisha mfuko na mifuko ya aina yake kwa yale yaliyokwisha kupita, hatari ikiwa imehesabiwa, na hugawanywa kwa fungu: asilimia 10 ya juu wanapata tano, asilimia 10 ya chini wanapata moja, wengine katikati. Hata mwaka ambao mifuko yote ya aina hiyo imepoteza pesa, kutakuwa na wa nyota tano. Kwa ndugu aliye Marekani, kinachofaa zaidi ni chombo chao kiitwacho X-Ray, kinachofungua mifuko yako na kuonyesha kilicho ndani. Mtu anaweza kuwa na mifuko mitatu akidhani ametawanya mali, kumbe yote mitatu imejaa Apple na Microsoft zile zile.

Sasa kufuatilia, na hapa kosa la kawaida ni la sarafu. Chukua hisa 1,000 za kampuni ya Nairobi kwa shilingi 40 moja (bei hii ni ya mfano, viwango vya kubadilisha vinavyofuata vilikuwa hivyo kwa makadirio). Ni shilingi 40,000. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa karibu shilingi 100, kwa hiyo ulitoa dola 400 hivi. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kama bei ya hisa ilibaki 40, chombo kinachohesabu kwa shilingi kitakuambia hukupoteza kitu. Wewe unayeweka akiba kwa dola, kama karibu kila mtu huku mashariki, ulibaki na dola 250. Katikati ya mwaka huo shilingi ikapata nguvu hadi karibu 130, na mali ile ile ikawa dola 308 bila bei kusogea. Chombo kisichokuonyesha hilo kinakuficha sehemu kubwa ya hesabu. Gawio nalo: chati nyingi zinaonyesha bei tu, na gawio likiingia kwenye akaunti yako, likiwa limekwisha kukatwa kodi, halionekani popote.

Sharesight, iliyoanzia New Zealand, inahesabu sarafu na gawio vizuri, na mwenye hisa chache anaweza kuitumia bila kulipa. Portfolio Performance, programu ya bure iliyotengenezwa Ujerumani, inakaa kwenye kompyuta yako. Data haiendi kwa mtu mwingine. Inachosha kuijifunza, lakini kwa mtu anayejali siri ndiyo ningeichagua. Empower ya Marekani ni nzuri kwa macho, na ni ya bure kwa sababu kampuni inatafuta wateja wa kuwasimamia mali. Inaomba kuunganishwa na akaunti zako zote, na hilo kila mtu alipime mwenyewe.

Jambo jingine: vyombo hivi vinakufa. Google Finance iliondoa sehemu ya kuhifadhi orodha ya mali mwaka 2017. Mint, iliyotumiwa na mamilioni ya watu Marekani kufuatilia pesa zao, ilifungwa Machi 2024. Kwa sababu hiyo kila chombo unachokichagua kiweze kukutolea data yako katika faili la kawaida la jedwali. Na kusema kweli, kwa mwenye kampuni nne au tano, jedwali la Excel au Google Sheets latosha: tarehe, jina, idadi, bei, ada ya wakala, kiwango cha dola siku hiyo, gawio lililopokelewa. Daftari lenye mistari hufanya kazi hiyo hiyo na halihitaji umeme.

Turudi kwa programu ya tatu. Katika vikundi vya akiba huzunguka picha ya skrini: salio linalopanda kila siku, mstari wa kijani, na namba ya kutumia pesa kwa M-Pesa au Airtel Money. Wazee wanakumbuka Bindo, ule mchezo wa pesa wa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1990. Skrini ni karatasi ile ile. Bernard Madoff wa New York aliwatumia wateja wake taarifa nzuri za mwezi kwa miaka mingi. Alipokamatwa Desemba 2008, taarifa hizo zilionyesha jumla ya karibu dola bilioni 65, na biashara zilizoandikwa humo hazikuwahi kufanywa. Waliokuwa wakifuatilia mali yao walifuatilia kwa chombo cha mwizi mwenyewe.

Ndiyo maana chombo cha kuchunguza au kufuatilia hakiombi umpe mtu mtaji wako. Kikiomba, kimekuwa wakala, na wakala lazima awe na leseni. Kwa Kenya, orodha ya wenye leseni iko kwa Capital Markets Authority, na hisa zako zinaandikwa kwa jina lako katika hifadhi kuu, CDSC, ambako unaweza kuuliza salio bila kupitia kwa aliyekuuzia. Kwa Marekani, jina la wakala hutafutwa bure kwenye BrokerCheck ya FINRA. Kama mali yako inaonekana mahali pamoja tu, kwenye programu ya yule aliyepokea pesa, kikundi kisitoe hata franka.

Kwa sisi tunaojua kukimbia usiku, kuna la ziada. Akaunti nyingi hufunguliwa kwa namba ya siri inayotumwa kwa SMS, na kadi ya SIM ikipotea njiani, mlango umefungwa. Andika kwenye karatasi jina la wakala, namba ya akaunti ya hisa na orodha ya ulivyonavyo, bila neno la siri. Mpe mwenzi wako nakala moja, na nyingine iwekwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine.