Mchagua jembe: historia fupi ya bakteria wa umeme

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walikuwa na maana yao, lakini kwenye historia ya umeme wa bakteria, kuchagua jembe ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze 1911. M. C. Potter, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alipata umeme kidogo kutoka kwa hamira na E. koli, bakteria wa utumbo. Hao ndio waliozoeleka maabara. Mwaka 1931 Barnett Cohen, huko Marekani, aliunganisha betri nyingi za namna hiyo akafika volti 35, ila mkondo wake ulikuwa kiduchu.

Shida ilikuwa nini? Kiumbe akila, hutoa elektroni kwenye chakula na lazima azikabidhi mahali. Sisi tunaikabidhi oksijeni tunayoivuta. E. koli naye hufanya mambo hayo ndani ya seli yake. Elektrodi iliyo nje haipati kitu. Basi wanasayansi wakatia rangi za kemikali zibebe elektroni hadi nje. Lakini rangi ni gharama, nyingine ni sumu, na maji yakipita zinaondoka nayo.

Kumbe waliofaa walikuwa topeni. Mwaka 1987 Derek Lovley na wenzake walieleza bakteria wa tope la mto Potomac, aliyekuja kuitwa Geobacter. Mwaka uliofuata Charles Myers na Kenneth Nealson wakamtangaza Shewanella wa Ziwa Oneida, New York. Pasipo oksijeni, hawa huyakabidhi elektroni madini ya chuma au manganizi yaliyo nje ya miili yao. Kwao, elektrodi ni kama jiwe jingine tu. Haihitaji rangi.

Sasa, kati yao achaguliwe nani? Shewanella huvumilia oksijeni na hujitengenezea vibebaji vyake, lakini akila lakteti huishia kwenye asetati, kama mtu anayekula nyama akaacha uboho mfupani. Geobacter huimaliza hiyo asetati mpaka ibaki kaboni dayoksaidi, hivyo huvuna elektroni nyingi zaidi, ila oksijeni humsumbua.

Na kwenye maji taka, yenye vyakula vya kila aina, hakuna anayetosha peke yake. Huko wahandisi huzamisha elektrodi na kusubiri: wengine huvunja mabaki makubwa, wala asetati huja kuganda juu yake, na mara nyingi Geobacter yumo.

Miaka 76 ilipita kutoka Potter hadi tope la Potomac. Muda wote huo, jembe lilikuwa mtoni.