Mwili, Saa na Lango: Mapokeo Matatu ya Kuwapanga Wanamichezo Wenye Ulemavu

Wapange vijana watatu ufukweni Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Mmoja mguu wake ulipooza kwa polio, wa pili ana ualbino na macho yake hayaoni mbali, wa tatu ni kiziwi. Puliza filimbi waogelee hadi kwenye mtumbwi uliotia nanga. Huenda kiziwi akatangulia, tena licha ya kuchelewa kuondoka kwa kuwa filimbi hakuisikia. Je, ameshinda kwa ustadi, au kwa kuwa mikono, miguu na macho yake ni mizima? Kila mchezo wa watu wenye ulemavu huanza na swali hilo, na dunia imelijibu kwa mapokeo matatu yasiyofanana.

Pokeo la kwanza hupima mwili. Chimbuko lake ni hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, ambako mwaka 1948 daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kwa upinde na mshale wanajeshi 16 waliojeruhiwa vitani. Kwa miaka mingi daktari ndiye aliyekuwa mwamuzi: jina la ugonjwa liliamua kundi la mchezaji. Kufikia Michezo ya Paralimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mkazo ulikuwa umehamia kwenye swali jingine: mwili huu unaweza kufanya nini katika mchezo huu?

Kuogelea kunaonyesha mageuzi hayo vizuri kuliko mchezo wowote. Wapimaji humlaza mwogeleaji kitandani, wakapima nguvu za misuli, mwendo wa viungo na urefu wa kilichobaki pale palipokatwa. Kisha humtazama majini, na baadaye tena akiwa mashindanoni. Mwili usio na upungufu hupewa pointi 300. Mwenye pointi 266 hadi 285 huingia kundi la S10, na hesabu hushuka hadi S1, kundi la wenye upungufu mkubwa zaidi. Makundi ya S11 hadi S13 ni ya wenye ulemavu wa macho, na S14 ni la ulemavu wa akili. Kwa hiyo katika fainali ya S6 unaweza kumkuta mtu mwenye kimo kifupi pembeni ya aliyekatwa viungo na mwenye mtindio wa ubongo. Maradhi yao ni mbalimbali, lakini maji huwarudisha nyuma kwa kiasi kinachokaribiana.

Mtindo wa chura una hesabu yake, makundi ya SB, kwa sababu miguu hubeba kazi kubwa zaidi humo kuliko katika mitindo mingine. Husnah Kukundakwe wa Uganda, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia na mwenye upungufu katika mkono wa kushoto, aliogelea mita 100 za mtindo huo katika kundi la SB8 kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko washiriki wote.

Tukimrudia yule kijana mwenye ualbino, pokeo hili haliiulizi ngozi yake hata kidogo. Hupimwa macho tu, na akionekana anaona vya kutosha, hana kundi, hata kama jua la ziwani linamuunguza na watu wanamtenga. Kipimo kinajua kinachomchelewesha mtu majini, wala hakijidai kujua yanayomsibu akishatoka.

Pokeo la pili huacha mwili na kutazama saa. Special Olympics, iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver na kufanya michezo yake ya kwanza Chicago mwaka 1968, ni ya watu wenye ulemavu wa akili. Wachezaji hutenganishwa kwanza kwa jinsia na umri, kisha hukimbia au kuogelea raundi ya awali. Wenye muda unaokaribiana huwekwa pamoja, watatu hadi wanane, na mwongozo ni kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho isizidi takriban asilimia 15. Ili mtu asijifanye mzito kwenye mchujo kisha akachomoka fainali, anayeboresha muda wake kupita kiasi anaweza kuondolewa.

Pokeo la tatu ni la lango. Ukishapita, ndani hakuna daraja. Michezo ya viziwi, iliyoanza Paris mwaka 1924, hudai upungufu wa usikivu wa angalau desibeli 55 katika sikio lililo bora, na vifaa vya kusikilizia huvuliwa kabla ya kushindana. Filimbi hugeuzwa taa. Soka ya waliokatwa viungo nayo iko hivyo: wachezaji wa ndani wana mguu mmoja, kipa ana mkono mmoja, miguu ya bandia hairuhusiwi na gongo halitakiwi kugusa mpira kwa makusudi. Kwa kanuni hizo chache Tembo Warriors wa Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Istanbul mwaka 2022.

Kila pokeo lina hofu yake. La mwili huhofia anayejitia ulemavu. Mwaka 2000, kwenye Paralimpiki ya Sydney, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu wa wenye ulemavu wa akili, kisha ikabainika kuwa wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Medali zikarudishwa, na wenye ulemavu wa akili wa kweli wakafungiwa mlango wa Paralimpiki hadi London 2012. La saa huhofia anayejizuia. La lango halina hofu nyingi, lakini mwenye kigutu kifupi hapati nafuu yoyote mbele ya mwenye kirefu.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye malipo ya jasho. Katika pokeo la mwili, anayefanya mazoezi hubaki kundi lake na kuwashinda wenzake. Bidii humpa taji. Katika pokeo la saa, bidii humpandisha kwenye kundi la wenye kasi zaidi. Taji linabaki mbali vilevile. Kwa hiyo saa hufaa kuwaingiza watu wengi mchezoni, na mwili hufaa kumtafuta bingwa. Lango hufaa pale ambapo wachezaji tayari ni jamii moja, kama viziwi wenye lugha yao ya alama.

Mwambao wa Nyasa una kitu cha kuongeza. Vijiji vikialikana kucheza ngoma ya mganda, sifa huenda kwa kikundi kizima. Kuogelea kwa kupokezana katika Paralimpiki kunakaribia fikra hiyo: katika mbio za mita 100 mara nne za wenye ulemavu wa viungo, jumla ya namba za makundi ya waogeleaji wanne haitakiwi kuzidi 34. Timu haiwezi kujaza wa S10 watupu. Inamhitaji mwenye upungufu mkubwa, naye ana kazi ya kweli.

Shule ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, haina jopo la wapimaji, na mwogeleaji anayetaka kundi la kimataifa sharti asafiri hadi mashindano yenye jopo hilo. Kusubiri jopo ni kuwaacha watoto pembeni ya uwanja. Walimu wa michezo wa wilaya za Mbinga na Nyasa waanze na saa: wapime muda wa kila mtoto, wawapange wanaokaribiana, wawashindanishe. Kipaji kikijitokeza, Kamati ya Paralimpiki Tanzania na halmashauri wabebe mzigo wa kukifikisha kwa wapimaji, na wafundishe wapimaji wetu wenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kupangwa kwenye mbio yoyote hawezi kupangwa kwenye S8.