Jina Dhahania Linapogeuka Kivumishi: Historia ya Viambishi Vitatu vya Kikorea

Katika Kiswahili, tukitaka jina dhahania limsifu mtu au kitu, hatuna kiambishi tamati cha kulibandika mwishoni likageuka kivumishi. Twasema mtu mwenye hekima, neno la hekima, au twaingia katika njia ya ki- tukasema mtazamo wa kisiasa. Kikorea kimefuata njia nyingine. Lugha hiyo hulichukua jina, ikalitia kiambishi, na neno linalozaliwa huwa kivumishi kamili chenye minyambuliko yake. Madhumuni ya makala haya ni kufuatilia historia ya viambishi vitatu vinavyofanya kazi hiyo, tangu karne ya 15 hadi siku zetu. Hoja yangu ni kwamba kiambishi cha tatu, kilichoingia kutoka Japani, hakikuwanyang'anya wenyeji nafasi yao kama ilivyodaiwa mara nyingi, bali kilikuta kazi ambayo wenyeji hawakuwa wakiifanya. Asiyeiona tofauti hiyo hataelewa kwa nini juhudi za kukifukuza zimeshindwa.

Yafaa kwanza tueleze jinsi kivumishi cha Kikorea kilivyo. Kivumishi hicho ni ndugu wa kitenzi. Hakihitaji kishirikishi kama vile 'ni', kwa kuwa chenyewe hubeba njeo na adabu za usemi. Jihye ni 'hekima'. Jihyeropda ni 'kuwa na hekima'. Jihyeroun saram ni 'mtu mwenye hekima'. Msomaji ataona kwamba p ya -rop- imetoweka katika umbo la tatu. Si ajali, na tutaikuta tena hivi punde. Majina mengi yenye asili ya Kichina hutumia pia kitenzi kisaidizi hada, ambacho maana yake ya msingi ni 'kufanya': jeongjik ni 'unyofu', jeongjikhada ni 'kuwa mnyofu'. Njia hiyo ya hada ni pana mno, nami naiacha kando, maana historia yake ni somo jingine.

Ushahidi ulio wazi wa viambishi vyetu waanza na herufi za Kikorea zenyewe, zilizotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, na mbinu zao za kuonyesha viambishi vya lugha yao kwa herufi hizo zilificha mengi. Herufi mpya ziliandika sauti, tena kwa uangalifu wa kushangaza. Katika maandishi ya karne hiyo, ambayo mengi ni ya dini ya Kibuddha, twakuta kiambishi kimoja chenye sura mbili: -rʌβʌi- baada ya irabu, na -dʌβʌi- baada ya konsonanti. (Irabu ʌ imekwisha kutoweka katika Kikorea sanifu, β ni b hafifu, iliyo karibu na w.) Jina sugo, 'taabu', likiishia kwa irabu, lilichukua sura ya kwanza likawa 'kuwa na taabu'. Jina uisim, 'shaka', likiishia kwa m, lilichukua sura ya pili likawa 'kuwa na shaka'. Mgawanyo huu ulikuwa wa sauti tu. Kwa mwanaisimu wa leo hizi ni alomofu mbili za mofimu moja, na jambo halina utata.

Utata ulianza pale sauti zilipobadilika. Kabla karne ya 15 haijaisha, ile b hafifu ilikuwa imekwisha kulegea ikawa w, na herufi yake ikaachwa. Ndiyo sababu leo twasema jihyeropda lakini jihyeroun: mbele ya konsonanti mdomo hufunga, mbele ya irabu hufunguka. Sura ya -rʌβʌi- ilikuja kuwa -rop-. Lakini sura ya -dʌβʌi- ilikwenda njia yake ikawa -doe-, na kwa kupita miaka mingi wale pacha wawili hawakutambuana tena. Mzungumzaji wa leo hajui kwamba pyeonghwaropda, 'kuwa na amani', na bokdoeda, 'kuwa na baraka', yana kiambishi kimoja kwa asili. Hata hivyo mgawanyo wa kale umebaki kama alama ya mpaka uliosahauliwa: -rop- haikubali jina linaloishia kwa konsonanti, na vivumishi vya -doe- vimejengwa juu ya majina ya aina hiyo, kama cham 'ukweli', heot 'ubatili', yok 'fedheha'.

Matokeo yake kwa lugha yalikuwa mazito. Pacha mmoja, -rop-, alibaki na maana inayoeleweka lakini akafungiwa milango ya maneno yote yanayoishia kwa konsonanti, na katika msamiati wenye asili ya Kichina maneno hayo ni mengi mno. Pacha wa pili, -doe-, aliangukia katika bahati mbaya nyingine: umbo lake lilifanana kabisa na lile la kitenzi doeda, 'kuwa, kugeuka', ambacho nacho kilitokana na umbo lile lile la -dʌβʌi-. Naamini kwamba mfanano huu ndio uliomdhoofisha. Kiambishi ambacho msikilizaji hukidhania kuwa kitenzi si rahisi kizae maneno mapya. Basi 'kuwa na shaka', neno la karne ya 15, lilibaki bila kiambishi madhubuti.

Pengo hilo lilizibwa na -seureop-. Kiambishi hiki huonekana katika maandishi ya karne ya 18, na hakichagui sauti: hupokea irabu na konsonanti sawasawa. Leo 'kuwa na shaka, kutia shaka' ni uisimseureopda. Lakini sugo, jina linaloishia kwa irabu, limeendelea na pacha wake wa zamani, nalo bado ni sugoropda. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa jinsi sheria ya sauti ya miaka mia tano iliyopita inavyoweza kuamua umbo la neno ambalo mtu atalitumia asubuhi ya leo akizungumza na jirani yake.

Hata hivyo -seureop- haikuziba pengo tu. Ililetea lugha maana ya pekee, nayo ni 'kuwa na sura ya', 'kuelekea kuwa'. Walimu wa Kikorea hupenda kuieleza kwa kuilinganisha na kiambishi kingine, -dap-. Eoreun ni 'mtu mzima'. Eoreundapda husemwa juu ya mtu mzima ambaye mwenendo wake wamstahili. Eoreunseureopda husemwa juu ya mtoto mwenye mwenendo wa utu uzima. Kiambishi cha kwanza chakiri kwamba mhusika ndiye. Cha pili chakiri kwamba siye. Nilipojifunza tofauti hii nilijaribu kuitafsiri kwa ki- yetu nikashindwa, maana tukisema 'ameongea kiutu uzima' hatujasema kama aliyeongea ana miaka kumi au hamsini. Kutokana na maana hiyo, -seureop- daima huwa na jicho la msemaji ndani yake. Anayeitumia anapima, anapenda au anachukia: sarangseureopda, 'kupendeza', kutoka sarang, 'upendo', byeondeokseureopda, 'kuwa kigeugeu'.

Hapa ndipo tunapofika kwa mgeni wetu, -jeok. Asili yake ni herufi ya Kichina 的, ambayo katika Kichina cha mazungumzo ni kiunganishi cha umilikaji, kinachofanana kwa kazi na -a yetu. Katika Japani ya enzi ya Meiji (1868–1912) watafsiri walijikuta wakipambana na vivumishi vingi vya lugha za Ulaya, wakaiteua herufi hiyo, wakiisoma teki. Mwanakamusi Ōtsuki Fumihiko alisimulia kwamba mambo yalianza kama mzaha miongoni mwa watafsiri: mwisho -tic wa Kiingereza ulisikika kama teki, basi wakauandika hivyo. Liwe mzaha au lisiwe, mtindo ulienea. Wakorea waliosoma Japani na waliosoma vitabu vya Kijapani waliuchukua mwanzoni mwa karne ya 20, nao ukajaa katika magazeti na majarida. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 na kuitawala hadi 1945, kwa hiyo kiambishi hicho kilikua chini ya bendera ya mtawala.

Haishangazi basi kwamba kilikuja kushukiwa. Lugha ya Kikorea ilikuwa imelipiwa kwa damu. Mwaka 1942 polisi wa kikoloni waliwakamata wanachama wa Chama cha Lugha ya Kikorea waliokuwa wakitunga kamusi. Yi Yun-jae na Han Jing walifia gerezani, na Choe Hyeon-bae, mtungaji wa sarufi kubwa ya Uri malbon (1937), alifungwa hadi vita vilipokwisha. Hati za kamusi zilizokuwa zimetekwa kama ushahidi zilipatikana katika ghala la stesheni ya Seoul mnamo Septemba 1945, na kamusi yenyewe ikatoka kwa juzuu sita kati ya 1947 na 1957. Choe ndiye aliyekiita kivumishi geurimssi, yaani neno lenye kuchora picha, kwa kuwa hakutaka istilahi zilizopitia Japani. (Serikali ilipolinganisha istilahi za sarufi ya shule mwaka 1963, zile zenye asili ya Kichina ndizo zilizotawala. Binafsi nasikitika, geurimssi ni istilahi nzuri.) Mwaka 1948 Wizara ya Elimu ilitoa kijitabu cha kurudisha maneno ya Kikorea mahali pa yale ya Kijapani. Bento lilitoka, dosirak likarudi.

Lakini -jeok haikutoka. Sababu moja ni ya masikio. Bento lilisikika kuwa la kigeni. -Jeok haikusikika hivyo. Herufi 的 ilikuwapo Korea tangu zamani kwa maana ya 'shabaha', nayo ilikuwa na matamshi yake ya Kikorea. Kijapani kilisema teki, Kikorea kikasoma jeok, na mgeni akavaa joho la mwenyeji.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo haikupewa uzito na wakosoaji. Aliyesikika zaidi miongoni mwao ni Yi O-deok (1925–2003), mwalimu wa shule na mwandishi, ambaye katika Uri geul baro sseugi (1989) aliishambulia -jeok kama uchafu wa uandishi wa wasomi. Katika nusu ya madai yake ana haki. Mara nyingi -jeok haiongezi kitu, na wanaoipenda ni wale wanaotaka sentensi yao ionekane nzito. Sisi nasi tunaujua ugonjwa huo: 'mkakati wa kimaendeleo' hausemi zaidi ya 'mkakati wa maendeleo'. Lakini tuchukue jina jayeon, 'maumbile, asili'. Jayeonseureoun malssi ni usemi usiolazimishwa, unaotiririka wenyewe. Jayeonjeok jogeon ni hali za kimaumbile, kama vile mvua na udongo. Tuchukue tena pyeonghwa, 'amani'. Pyeonghwaroun maeul ni kijiji kilichotulia, ambacho mtu akikiona moyo wake hupoa. Pyeonghwajeok haegyeol ni usuluhishi wa njia ya amani, hata kama waliosuluhishwa bado wanachukiana. Kiambishi cha wenyeji husifu, -jeok huainisha. Cha kwanza chajibu swali 'kikoje?', cha pili chajibu 'ni cha aina gani?'

Sarufi yenyewe yathibitisha hayo. Maneno ya -rop- na -seureop- hunyambulika kama vivumishi vingine. Neno la -jeok halinyambuliki. Lataka kishirikishi ida, au lasimama mbele ya jina bila kitu. Ndiyo maana sarufi ya shule hulihesabu mara kuwa jina, mara kuwa neno la kubainisha jina. Halikuingia kamwe katika jamii ya vivumishi, basi lingewezaje kuwafukuza wenyewe? Katika Kiswahili tunao mgawanyo ulio karibu na huu, ingawa njia zote mbili ni zetu: 'mtu mwenye utu' na 'haki za kibinadamu' hazibadilishani nafasi. Ki- ya namna hii nayo imepanuka sana kwa sababu ya kutafsiri vivumishi vya Kiingereza. Wenzetu wanaofundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni wanapowaeleza wanafunzi wao maana ya 'kisiasa', jibu lililo karibu kuliko yote ni jeongchijeok.

Korea Kaskazini yatupa ushahidi mwingine. Huko usafishaji wa lugha uliongozwa na dola yenyewe kuanzia miaka ya 1960, na uadui dhidi ya Japani ni nguzo ya siasa yake. Maneno mengi yaliondolewa. Lakini hyeongmyeongjeok, '-a kimapinduzi', limebaki katika hotuba na magazeti yake, maana hapakuwa na kiambishi kingine cha kuainisha.

Wala wenyeji hawajazeeka. Mnamo Machi 2003 Rais Roh Moo-hyun alijadiliana na waendesha mashtaka wa serikali mbele ya kamera za televisheni, na watazamaji wengi walichukizwa na namna hao walivyomjibu. Muda si muda likazuka neno geomsaseureopda, kutoka geomsa, 'mwendesha mashtaka', likiwa na maana ya kushikilia hoja yako bila adabu wala mantiki, na mwaka huo huo likaorodheshwa miongoni mwa maneno mapya ya Kikorea. Aliyelibuni angeweza kuchukua -jeok. Lakini geomsajeok isingekuwa tusi. Ingemaanisha tu kitu kinachohusu kazi ya uendeshaji mashtaka.